Stika Juu ya Stika

Siku aliyopanga kumkabidhi shemeji yake funguo za duka, Dada Mkubwa aliamka na raha ya mtu anayekwenda kuvua viatu vinavyombana. Magoti yalikuwa yamemchosha, na macho nayo siku hizi yalimwona mteja akishafika kwenye kaunta. Duka hilo alilianzisha kwa meza moja ya sabuni na viberiti. Akalitumia kumsomesha mdogo wake, akamfanyia na harusi ya heshima. Yeye mwenyewe hakujaliwa mtoto. Duka ndilo lilikuwa mwanawe, na leo mwana huyo alikuwa anakwenda kulelewa na mume wa mdogo wake. Makubaliano yalikuwa mepesi: wakimaliza kuhesabu mali, shemeji anachukua funguo, yeye anakwenda kupumzika.

Shemeji huyo alikuwa mtu wa usafi kupita kiasi. Shati limepigwa pasi likanyooka, kucha nyeupe, marashi yanaingia mlangoni kabla yake. Kila akipokea sarafu ya mteja alijipaka dawa ya mikono kutoka kwenye kichupa alichokining'iniza mkandani.

"Shemeji, ipo siku utampaka dawa na mdogo wangu," Dada Mkubwa alikuwa akimtania, naye hucheka kwa adabu, meno yote nje.

Ndiye aliyeileta skana. Kidude cha kushika mkononi, chenye mpini na kitufe cha kubonyeza kwa kidole. Mzigo ukiingia, shemeji alichapa stika za duka zenye mistari myeusi, akabandika moja kwenye kila bidhaa. Ndani ya mistari hiyo mlikuwa na jina, bei na tarehe ya kuisha muda. Ukiielekezea skana bidhaa nzima, inawaka taa ya kijani na kulia tii. Bidhaa iliyokwisha muda inawashiwa taa nyekundu, na mashine inanguruma. Dada Mkubwa, ambaye miaka yote alikuwa akigeuzageuza makopo juani kutafuta tarehe ndogo kama mayai ya chawa, alikipenda kidude kile kuliko miwani yake.

Asubuhi hiyo shemeji alipita rafu kwa rafu. Tii, tii, tii, kijani mtindo mmoja. Mdogo wake Dada Mkubwa alikaa kwenye kigoda kando ya kaunta, binti yake mchanga mapajani, chupa tupu ya maziwa pembeni.

"Mtoto ana njaa huyo," Dada Mkubwa alisema. "Si umchukulie kopo la maziwa ya unga hapo rafuni?"

"Aa, dada, baba yake kamnunulia maziwa kwenye duka la dawa kule barabara kuu. Nimeyasahau nyumbani. Hataki anywe mengine."

"Makubwa haya! Mwenye duka ananunua kwa watu! Kwani hapa tunauza tope?"

"Ameshayazoea yale, shemeji," mume akajibu bila kugeuka, akaendelea kuhesabu.

Walikuwa hawajamaliza alipoingia mke wa fundi viatu, yule wa kibanda cha ng'ambo, mtoto mgongoni. Mtoto alikuwa analia kilio cha kuchoka, kile kisichosumbua hata mtu aliyelala.

"Anatapika, anaharisha," mama yake alisema. "Kila nikimpa maziwa anayarudisha. Nadhani lile kopo nililochukua hapa nililiacha wazi, likaingia uchafu. Nipeni jingine."

"Pole sana, mama." Shemeji akashusha kopo, akalielekezea skana. Tii. Kijani. "Hili hapa, zima kabisa."

Dada Mkubwa akalipokea ili alitie kwenye mfuko. Kidole gumba kikapita juu ya stika, kikakwama. Stika ilikuwa imetuna kama kigaga cha kidonda. Akaanza kuibandua kwa ukucha, bila kuwaza lolote, maana mikono yake haikuwahi kuvumilia kitu kilichovimba.

Chini ya stika kulikuwa na stika. Chini ya hiyo, nyingine. Na kati ya ya pili na ya tatu, mende mdogo amegandia kwenye gundi, amebanwa bapa, miguu huku na huku, kifuko chake cha mayai kimepasuka na kuacha doa la kahawia. Dada Mkubwa akabandua na ile ya tatu, akamsogezea mdogo wake kopo.

"Nisomee tarehe ya kiwandani."

Mdogo wake akasoma kimoyomoyo, akarudia kwa sauti. "Yamekwisha muda mwaka jana, dada. Huyu alikuwa bado tumboni."

Dada Mkubwa aling'oa kifuniko, akaichana na karatasi ya ndani. Harufu iliyotoka ilikuwa ya mafuta yaliyochacha, ya tambara la jikoni lililosahauliwa chini ya ndoo. Unga ulikuwa wa manjano, umeshikana mabonge.

"Shemeji, hiki ni nini?"

"Usitaharuki, shemeji." Akakifungua kichupa chake, akajipaka dawa ya mikono. Naam, alijipaka dawa ya mikono! "Hizo tarehe kiwanda kinaweka ili tununue upya kila mara. Unga mkavu hauozi. Stoo kulikuwa na maboksi, ningeyatupa yote? Nilibadilisha stika tu, muda ukikaribia nabandika nyingine. Na mashine si umeiona mwenyewe? Imesoma kijani."

Mashine ilisoma alichoiandikia. Alitaka isome nini kingine?

"Na yaliyokwisha kutoka?"

"Skana itakuonyesha ni mangapi."

"Itanionyesha na yamekwenda kwa watoto wa nani?"

Marashi ya shemeji yalikuwa yamechanganyika na ule uvundo wa kopo. Ndipo duka la dawa la barabara kuu lilipomrudia Dada Mkubwa kichwani. Alimtazama mtu huyu ambaye yeye alimlisha mezani pake na kumwita mwanangu mbele za watu, akamwonea kinyaa mpaka kwenye vidole.

Akachukua chupa tupu ya mtoto. Akachota unga wa kopo lile lile, akamimina maji ya uvuguvugu ya chupa ya chai, akatikisa. Mabonge yakaelea juu. Akamnyooshea shemeji.

"Mnyweshe mwanao."

"Shemeji, acha utani."

"Si zima kabisa? Mnyweshe." Akamgeukia mtoto na kuisogeza chupa karibu na mdomo wake. Hakuwa amepata wazimu. Mkono wake mwingine ulikuwa tayari kuirudisha. Haukuhitajika. Shemeji aliipiga chupa ile kwa nguvu zake zote.

"Usimpe mwanangu uchafu huo!"

Chupa ikagonga kaunta, ikaanguka, maziwa yakamwagikia viatu vyake vinavyong'aa. Mtoto akaangua kilio. Halafu, kutoka mlangoni, ikaja sauti ya mke wa fundi viatu. Hakuipaza.

"Na wangu?"

Mdogo wake Dada Mkubwa akanyanyuka kwenye kigoda, akamkumbatia binti yake, akazunguka kaunta bila kumgusa mumewe, akaenda kusimama kando ya mke wa fundi viatu. Dada Mkubwa akatoa funguo mfukoni. Hata wakati huo, macho ya shemeji yalizifuata.

"Tokeni wote, nafunga," Dada Mkubwa alisema. "Sisi tunampeleka mtoto hospitali. Wewe usitufuate."

Akafunga kufuli, akarudisha funguo mfukoni, akabeba lile kopo kwapani ili daktari alione. Magoti yalimuuma tangu hatua ya kwanza, na bado alikuwa yeye aliyetangulia. Alipofika kona aligeuka mara moja. Shemeji alikuwa kwenye ngazi ya duka, ameinama na leso mkononi, anafuta viatu.