Udongo Safi wa Fulbert

"Itangazwe kwa jamaa wote waliohudhuria," alisema Fulbert, amesimama kichwani mwa meza, uma mkononi kama fimbo ya askofu, "kwamba kuanzia Jumapili ya leo saratani ya tezi dume haina njia ya kuingia nyumba hii. Nimeifungia mlango kisayansi."

Jamaa wote waliohudhuria walikuwa wawili: mkewe Eudoxie, na kaka yake Gratien, ambaye saratani hiyohiyo ilishamwingia bila hodi, ikatolewa kwa kisu mwaka jana.

Mezani palikuwa na sahani ya viazi vikuu vinavyofuka moshi. Fulbert alivichimba mwenyewe na kuvipika mwenyewe, maana Eudoxie alikuwa ameapa miezi minne iliyopita kwamba havitaingia sufuria yake.

Kiapo hicho kilikuwa na sababu. Ndugu hawa wawili walimalizia ujana wao kwenye mashamba ya migomba ya Basse-Pointe, kisiwani kwao, wakimwaga kwa mikono mitupu ule unga mweupe wa kuua fukusi, klodekoni. Mabwana wenye mashamba walisema hauna neno, na mabwana, kama tujuavyo, hawasemi uongo. Fukusi walikufa. Unga ulibaki ardhini, wala hauna haraka ya kuondoka, utawazika wajukuu. Ndizi iliyo juu haiguswi nao. Kiazi kilicho chini huunyonya, na anayekila hujipakulia hatari ya saratani hiyo.

Gratien alipopasuliwa, daktari alimwagiza Fulbert mambo mawili tu: apime damu, na asile kitu cha kuchimbwa mpaka udongo wake upimwe. Damu, Fulbert alisema ameshapima, iko safi kama maji ya mtoni. Udongo ndio uliomkereketa. Viazi vyake vilishinda zawadi mara sita kwenye sikukuu ya parokia. Kumwambia mtu kama huyo akanunue viazi dukani ni sawa na kumwambia padri akaazime Biblia. Hata hivyo, kwa unyenyekevu uliowashangaza wote, aliupeleka udongo maabara kwa mkono wake.

"Soma, kaka," alisema, akimkabidhi Gratien bahasha ya maabara, ambayo hata hakuona haja ya kuifungua. "Wewe ndiye uliyeumia. Sauti yako ina uzito."

Gratien akavaa miwani. "Bwana Fulbert, udongo uliotuletea hauna klodekoni hata chembe."

"Rudia hapo."

"Nitarudia. Kuna maneno chini yake." Gratien akasogeza karatasi karibu. "Tunakujulisha pia kuwa tumekuta nyuzi za makumbi ya nazi na punje nyeupe nyepesi, kama zile za udongo wa mifuko unaouzwa kwa ajili ya maua. Tafadhali tuletee udongo wa shambani."

Eudoxie akaweka kijiko chini, taratibu, akamgeukia mumewe.

"Baba Lisette. Mfuko wangu wa udongo wa maua ya okidi, pale barazani, umepungua."

"Panya," alisema Fulbert.

"Panya wamebeba kilo mbili?"

"Panya wa siku hizi, mke wangu, hawana adabu."

Gratien alicheka mpaka akashika tumbo, pale penye kovu. Kisha kicheko kikamwisha ghafla. Akavua miwani.

"Mdogo wangu, na ile damu uliyopima, ulichota kwenye mfuko wa nani?"

Fulbert alivitazama viazi vyake. Viazi havikumsaidia.

"Sikwenda," alisema. "Nilifika mpaka mlangoni. Nikamwona yule dada na sindano yake, nikageuza, nikaenda kwa Nestor kucheza domino. Nikafungwa huko pia."

"Unaogopa sindano? Wewe uliyeng'atwa na nyoka ukarudi kumalizia mstari wa migomba?"

"Siogopi sindano, kaka. Naogopa karatasi. Nisije nikasomewa kama ulivyosomewa wewe."

Gratien akairudisha karatasi bahashani. "Mimi nilichelewa kusomewa, ndiyo maana nikakatwa. Kesho saa moja asubuhi nakupitia, na sindano ikiingia nitakuwa nimekushika mkono. Ukigeuza, nakuburuta."

Eudoxie alisimama, akaibeba sahani ya viazi mpaka kwenye pipa la taka, akaikung'uta. Akarudi na sahani tupu.

"Kuna kingine cha kuniambia, au ndiyo mwisho?"

Fulbert alifikiri, kama mtu anayetafuta dhambi ndogo ya kutanguliza.

"Jumapili ukienda kanisani," alisema, "huwa nachemsha kimoja kule bandani."

"Kimoja?"

"Viwili. Na magimbi. Yaliyobaki yako chini ya kitanda, upande wako."