Pazia la Kaniki

Alhamisi moja, baada ya kupepeta mtama, Scholastika alipiga magoti sebuleni kwake kule Mkunya akawa anasiriba ukuta kwa kiganja. Nyuma yake alisimama Mabel, akimwelekeza. Mabel alikuwa mke wa mwalimu kutoka Mkomaindo, Mwanglikana, mjukuu wa Waafrika waliolelewa na misheni, na Boma lilikuwa limempa kazi ya kuzunguka vijiji vya Newala akiwafundisha kina mama kupamba nyumba. Ulikuwa mwaka uliofuata ule wa kutawazwa kwa Malkia, na mashindano ya nyumba bora yalikuwa yameshatangazwa.

Mafunzo ya Mabel yalikuwa mazuri na ya kufuatika. Kitanda kisitazamane na mlango. Picha itundikwe usawa wa macho ya binadamu, si ya twiga. Viti visipangwe ukutani kama wagonjwa wanaosubiri dawa, bali visogezwe vitazamane, watu wapate kuzungumza. Na zaidi ya yote, nyumba iwe na dirisha, kitu ambacho nyumba ya Scholastika haikuwa nacho tangu ijengwe.

"Nyumba isiyo na dirisha ni ghala," alisema Mabel. "Na wewe si gunia, Mama Silvano."

Mumewe, Anselmo, alilitoboa dirisha akalitia fremu ya mninga. Alitaka kulitoboa upande unakotoka upepo. Scholastika akakataa, akataka upande wa barabara iteremkayo Masasi, kwa sababu ndiyo aliyoondokea Silvano, mtoto wao wa kwanza. Silvano alipanda lori la waandikishaji wa manamba akaenda kwenye mkonge kwa mkataba wa mwaka mmoja. Kiangazi cha tatu kilikuwa kimeingia na hapakuwa na habari zake. Anselmo akatoboa huko.

Mabel alikuwa amesema kingo za dirisha zipakwe weupe, mwanga upate kurukia ndani. Udongo mweupe ulichimbwa bondeni, kule kule kina mama wanakoteka maji na kuyapandisha mlima kichwani, kwa hiyo hakuna aliyekuwa nao wa kumwaga. Wa Scholastika uliisha kabla ya kazi kuisha. Darini palikuwa na kibuyu cha unga wa mtama aliousaga zamani ili aumwage chini ya mti, awaombe wazee wake waliokufa wamrudishe mtoto. Hakuwahi kuumwaga, akimwogopa katekista. Wala hakuula, akiwaogopa wazee. Sasa aliuchanganya na udongo uliobaki, akapaka. Ulishika vizuri, na jioni ulikuwa umekauka.

Asubuhi alipofungua dirisha aliona mkonge.

Haikuwa mikorosho ya jirani yake Bonifasi, iliyokuwapo jana yake. Ulikuwa mkonge, safu kwa safu hadi macho yanapokoma, na katikati ya safu moja alikuwamo Silvano akikata majani, mguu wa kushoto umefungwa kitambaa. Scholastika alitoka nje, akazunguka nyumba. Huko nje ilikuwapo mikorosho na mbuzi wake aliyefungwa kambani. Akarudi ndani, akavuta kiti, akaketi.

"Amekonda," alimwambia mumewe.

Anselmo alisogea akatazama. Yeye mwenyewe alifanya kazi ya mkonge kabla ya kuoa, na makovu yake ya miiba yalikuwa bado yanaonekana mikononi. Walitazama hadi jua lilipokaribia kuzama huko kwenye mkonge, ambako jua lilikuwa lile lile. Nyapara akapita, akihesabu mafungu ya majani na kutia alama kwenye kipande cha kila mtu, kadi ya siku zake za kazi. Alipofika kwa Silvano alihesabu, akatikisa kichwa, akamrudishia kipande bila alama.

"Siku isiyotiwa alama si siku," Anselmo alieleza. "Hakumaliza kazi aliyopimiwa, basi ni sawasawa na kwamba hakwenda. Na mguu ule hauwezi kumaliza kazi."

"Kwa hiyo mkataba wake hauishi?"

"Hauishi."

Scholastika alimwita mwanawe kwa jina, na Silvano hakugeuka. Akachukua muhogo wa kuchoma, akaunyoosha nje ya dirisha. Mkono wake ulitokea upande wa Mkunya, na mbuzi akaula muhogo.

Majirani walikuja kuangalia. Getrude, aliyekuwa na kaka huko huko, alisimama dirishani asubuhi nzima akimtafuta kati ya wakataji, hakumwona. Aliuliza kama kuna unga uliobaki. Haukuwapo, akaaga akaenda kutwanga.

Mabel aliporudi kukagua kazi alisalimu kwanza, maana Scholastika alimzidi umri.

"Shikamoo, Mama Silvano."

"Marahaba, Mama Cuthbert. Lione dirisha lako."

Mabel alilitazama kwa muda mrefu. Akaingiza kidole kwenye kona ya fremu kuona kama imekaa sawa. Kisha akasema, "Hili linataka pazia. Na lisiwe la marikani, jepesi hilo, linaonyesha. Chukua kaniki nyeusi. Kitambaa kiwe mara mbili ya upana wa dirisha, ndipo mikunjo inapokaa vizuri."

Scholastika alishikwa na hasira, wala hakuificha. "Unataka nimfunike mwanangu?"

"Nataka ushinde. Ukiwa katika walioshinda, Bwana Maendeleo mwenyewe, yule Mzungu wa Boma, atakuja kukagua. Atakaa kwenye kiti hiki, atapewa chai. Mzungu akisimama husema, akikaa husikia. Hapo ndipo ulivute pazia, aone."

Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na mzazi hachagui mlango wa kubisha. Scholastika alishona pazia. Alipindia upindo mpana, akatia kokoto ndani yake ili kitambaa kisipeperuke, kama alivyofundishwa. Getrude alimkuta akishona, akauliza ni la nini, akaelezwa.

"Macho hayana pazia," alisema Getrude, kisha akaketi akamsaidia upande wa pili.

Bwana Maendeleo alifika na gari lake, akakaribishwa kwenye kiti. Alisifu picha ya Malkia kwa kutundikwa mahali pake, akasifu viti vinavyotazamana, akalipima dirisha kwa utepe. Alipopewa chai Scholastika akalivuta pazia. Saa ile Silvano alikuwa ameketi chini kati ya mikonge, akiufungua mguu uliovimba, na nyapara amesimama mbele yake.

Bwana Maendeleo alitazama hadi chai ikapoa.

"Ni nani?" aliuliza kwa Kiswahili chake cha taratibu.

"Silvano. Mwanangu wa kwanza. Mwaka wake umekwisha, Bwana, ila hawamwandikii siku."

"Pole, mama." Aliinuka, akakunja utepe. "Jambo hilo ni la idara ya kazi. Mimi ni wa nyumba." Kisha, kwa sababu hakuwa mtu mbaya, aliongeza kwamba dirisha lenye kuonyesha mbali hukifanya chumba kionekane kikubwa, na lisizibwe.

Anselmo alifunga safari kwenda kwa watu wa idara ya kazi. Wakamwuliza amezipata habari hizi kwa barua au kwa mtu. Akasema kwa dirisha. Wakamwambia arudi na barua.

Nyumba ya Mkunya ilishinda. Tarishi alileta zawadi, na Mabel akaja kushuhudia. Ilikuwa zulia dogo la mkonge, lenye mistari ya kijani. Tarishi alieleza kuwa huwekwa mlangoni, wageni wafutie miguu kabla ya kuingia. Scholastika alilipokea kwa mikono miwili. Alilinusa, akapitisha kiganja juu yake polepole kwa namna alivyosiriba ukuta, halafu akamtazama Mabel, amwambie liwekwe wapi.

Mabel alikuwa na neno kwa kila kitu cha nyumbani, hata kwa mfuniko wa mtungi. Siku ile aliinama chini, machozi yakamtoka.

"Hapa hafuti mtu miguu," alisema Scholastika, akalitandika chini ya dirisha.

Na ndipo lilipo. Kila jioni, chungu kikiwa jikoni na taa imewashwa, hulivuta pazia, akaketi juu ya zulia akamngoja nyapara apite. Nyapara hupita, huhesabu, hutikisa kichwa. Scholastika humsindikiza mwanawe kwa macho akichechemea hadi kambini, hadi ajilaze. Ndipo hulifunga pazia, taratibu, akiinyoosha mikunjo mmoja baada ya mwingine, kwa sababu Mabel alimfundisha kwamba mtu halali vizuri taa ikimpiga usoni.