Taulo Juu ya Skrini

Mnakili wa mahakama hakuwa na uwezo wa kuona tangu utotoni. Kazi yake, aliyoifanya nyumbani, ilikuwa kusikiliza mashauri yaliyorekodiwa na kuyachapa neno kwa neno. Kompyuta ilimsomea kila kilichokuwa kwenye skrini, kwa kasi aliyoizoea yeye peke yake. Wengine walisikia mchakacho tu.

Mwezi huo mahakama ilimwandikia: kuanzia tarehe mosi haitapokea faili kutoka kompyuta zenye mfumo endeshi wa zamani. Zilibaki siku kumi na tisa za kuweka mfumo mpya.

"Kwani unangoja nini, dada?" aliuliza mdogo wake, fundi umeme. "Ni kubonyeza tu. Nakaa hapa, nakusomea."

"Mara ya mwisho ulinisomea. Kila swali ukajibu ndiyo."

"Si iliuliza kwa upole!"

Mara hiyo ya mwisho kompyuta ilinyamaza siku kumi na moja, kwa sababu programu ya sauti haikupatana na mfumo mpya. Kazi zake akapewa mtu mwingine. Safari hii alisubiri watengenezaji wa programu hiyo watangaze kwamba wameijaribu kwenye mfumo mpya. Walitangaza zikiwa zimebaki siku sita. Akamalizia shauri alilokuwa nalo, akalituma, akanakili kila kitu kwenye diski ya pembeni, kisha akaenda kuifungua diski hiyo kwa jirani kuhakikisha si tupu.

Jumamosi saa tatu asubuhi alifunika skrini kwa taulo la jikoni.

"Sasa hilo la nini?"

"La kukufunga mdomo. Kama kompyuta haiwezi kuniambia yenyewe imefika wapi, hainifai."

Akabonyeza. Sauti ikataja asilimia: nane, thelathini, sabini. Kisha ikakatika. Dakika ya kumi alisikia kiti cha mdogo wake kikilia.

"Toa mkono kwenye taulo, bwana mdogo."

"Imekwama, dada!"

"Feni inazunguka." Kiganja chake kilikuwa ubavuni mwa kompyuta.

Dakika ya ishirini na mbili feni ilitulia. Kimya. Akabonyeza kwa pamoja vitufe vitatu vya kuamsha sauti, alivyovifanyia mazoezi wiki nzima. Chumba kikajaa mchakacho.

Mdogo wake aliruka. "Imesema nini?"

"Imesema uende ukachemshe chai."

Alipoondoka, mnakili alifungua shauri jipya lililokuwa likimngoja, akachapa ukurasa wa kwanza, akautuma. Jibu la mahakama lilirudi kabla hajaondoa vidole kwenye kibodi: faili imepokelewa. Akalisikiliza mara mbili, ingawa mara moja ilitosha, akapiga meza kwa kofi moja la furaha.

"Dada!" sauti iliita kutoka jikoni. "Sufuria ya moto! Taulo liko wapi?"

"Liko kazini," akajibu. "Tafuta jingine."