Jibu la Shikamoo

Umewahi kuamkiwa, jibu likakukwama, na aliyekuamkia bado amesimama mbele yako? Basi nikwambie, mjukuu wangu. Nimekaa mkekani baada ya adhuhuri, ungo mapajani, nachambua mchele. Babu yako Mbaruku yuko kitini, kaelekea ukutani. Kiharusi kimemwachia mguu mzito na maneno yaliyohama mahali pake: akitaka maji anasema kijiko, akiambiwa shikamoo anajibu chumvi. Watu walicheka mara moja tu, na tangu hapo hataki kuvuka kizingiti. Daktari wa mazoezi anasema mguu huu dawa yake ni kutembea, la sivyo utakakamaa. Lakini njiani kuna watu, na watu wanaamkia. Nachambua, chuya huku, mchele huku, hadi punje zinakuwa vijiwe vyeupe vya barabara, nami natembea juu yake.

Barabara haiishi. Inaingia mji ambao kila mlango unatazamana na mwenzake unaofanana nao, hadi kufuli, hadi paka aliyelala kibarazani. Mtu asiye na uso, kanzu imenyooshwa kwa pasi vizuri sana, ananishika mkono. Mume wangu yuko wapi? namuuliza. Yuko pale pale mnapomwona amekaa, anasema. Na kweli, yule pale, anaburuta mguu, anabisha hodi, anapewa kijiko. Anainamisha kichwa kushukuru, anakwenda nyumba ya pili, anapewa chumvi. Nyumba ya tatu imegeuka ya kwanza. Anabisha tena, taratibu, bila hasira, jasho limemlowesha mgongo. Kumbe mtu huyu hakai hata kidogo. Mimi nasifiwa subira mtaa mzima, lakini mbele ya subira hii yake, yangu ni ya kitoto. Mbona hamumpi anachotaka? nauliza. Anacho, anasema asiye na uso, njia ya kukifikia ndiyo imehama. Basi neno lake nataka kulitamka mimi, kama ninavyomjibia nyumbani kila siku, na kinywani mwangu zinatoka chuya. Mpishe, naambiwa, umemzibia mlango.

Nasogea, naamka, au nadhani nimeamka. Ungo uko mapajani. Kiti kitupu. Mbaruku amesimama mlangoni, kashika mwimo, na nyayo za mtu huyu asiyetoka zina vumbi jeupe. Ng'ambo ya njia mlango wa Zawena, msusi, unafanana na wetu hadi kufuli. Zawena mwenyewe anapita, kitana kichwani. Shikamoo, babu. Mdomo unaniwasha kumjibia, nauziba kwa ncha ya kanga. Mbaruku anasema chum, anaacha, anatikisa kichwa. Zawena haondoki. Babu, anasema, usiponijibu leo nakusuka hizo mvi. Mbaruku anacheka, kile kicheko chake cha zamani, anainua mguu mzito, anauvusha kizingiti, anautua nje.

Marahaba, anasema. Marahaba, mjukuu wangu.