Kifungo cha Saba

Mama Pacha alikuwa na pini tatu mdomoni na maneno mengi nyuma ya hizo pini, kwa hiyo alimjibu wifi yake kwa nyusi. Wifi, aliyeketi kwenye cherehani ya pembeni, alikuwa anasimulia jinsi mwenye nyumba alivyopandisha kodi, kisha akawaomba wapangaji wamwombee, maana na yeye hali yake ni ngumu.

"Na mkate nao," wifi aliendelea, mguu ukiwa haubanduki kwenye pedali. "Bei imenenepa, wenyewe umekonda. Leo asubuhi nimekata kipande nikamwona mume wangu upande wa pili."

Mama Pacha akatema pini kiganjani. "Huo si mkate, wifi. Hiyo ni bitana."

Laini nzima ya ushonaji pale kiwandani ikacheka. Ilikuwa laini ya wanawake wengi na feni moja, na bila kicheko watu wangeshakauka zamani. Walikuwa wanashona makoti ya kazi ya kupeleka nje: kitambaa kizito cha pamba kilichofumwa pale pale mjini, zipu mbele, bitana ndani, vifungo sita vya mifukoni na mikononi. Mama Pacha, msimamizi wa laini, ndiye aliyetia mkono wa mwisho, na mkono wake wa mwisho ulikuwa kifungo cha saba. Hicho alikishona ndani, karibu na pindo, mahali ambapo hakifungi kitu.

Mazoea hayo aliyatoa kwa shangazi yake, fundi wa barazani aliyemfundisha kazi. Kwa shangazi, mteja hakuondoka na nguo isiyo na kifungo cha akiba. Kikidondoka kimoja atakuwa na kingine, na hatakuwa na sababu ya kumtukana aliyemshonea. Mama Pacha alipoleta wazo hilo kiwandani, Bosi alilipenda mno. Akaagiza vifungo zaidi, akampigia simu mnunuzi huko ng'ambo, na laini yote ikamsikia akisema kuwa wazo lilimjia mwenyewe akiwa bafuni.

Siku hiyo lori lilikuwa limeegeshwa uani, makoti yamefungwa kwenye maboksi, na kilichobaki kilikuwa cheti cha afisa wa forodha cha kuthibitisha kuwa ni bidhaa za hapa nchini. Bila cheti makoti yangetozwa ushuru kule yanakokwenda, na mnunuzi alishasema wazi: yakitozwa hata moja, anahamisha oda yote kwa washonaji wengine. Laini ingefungwa.

Afisa alifika saa za chai, mtu mwembamba mwenye glovu mkono mmoja. Akaomba meza, akapewa. Akaomba kiti, akapewa. Akaitazama feni, wala hakuhitaji kuomba; ikageuziwa upande wake.

"Tumebaki na pumzi zetu wenyewe," mmoja akanong'ona nyuma.

Afisa akachagua koti moja, akalipasua kwa wembe taratibu kama daktari anayetafuta risasi. Huku akaweka kitambaa, kule akaweka zipu, bitana na vifungo. Akabonyeza kikokotoo, akakunja uso. Akabonyeza tena.

"Hili koti si la hapa," akasema.

"Si la hapa?" Wifi akaacha kushona. "Mheshimiwa, hilo limezaliwa mikononi mwangu. Mimi ndiye mkunga."

Afisa hakukasirika. Alieleza kwa sauti ya mtu aliyeeleza mara nyingi na hakuna aliyemshukuru. Koti likitaka kuingia kule bila ushuru, vitu vya kigeni ndani yake visizidi theluthi ya gharama ya koti zima. Zipu ni ya kigeni. Bitana ya kigeni. Vifungo vya kigeni.

"Vikiwa sita, mnapita kwa shida lakini mnapita. Hiki cha saba ndicho kinawavusha mstari."

"Kifungo kimoja?" Mama Pacha akauliza.

"Kimoja."

"Tena hakifungi kitu."

"Kisifunge. Kimetoka nje na kina bei."

Bosi, aliyekuwa amesimama nyuma ya afisa akitabasamu tangu mwanzo, tabasamu likamdondoka. Akageuka polepole. "Nani alileta habari za kifungo cha saba hapa?"

Wanawake wakatazama dari. Dari haikuwa na kitu cha kutazama.

"Si kilikujia bafuni, Bosi?" Mama Pacha akasema.

Kuna aliyecheka akajifanya anakohoa. Bosi masikio yakamwiva. "Vikatwe vyote," akasema. "Fungueni maboksi, koti kwa koti, kabla lori halijaondoka. Na msiniulize malipo, hiyo si kazi, ni kufuta makosa. Na wewe Mama Pacha, ukishakata cha mwisho, kesho usije."

Hapo hakuna aliyekohoa.

Mama Pacha alikaa. Mapacha wake walikuwa na umri ule wa kula kama wanashindana na mwenzao wa tatu asiyeonekana, na baba yao alikuwa anatafuta kazi tangu nguo zao hizo hizo zilipokuwa zinawapwaya. Kumwaga unga siku hiyo hakukuwa neno la kutania. Akashika mkasi, akalivuta koti la kwanza, akalipindua ndani nje. Kifungo kilikuwa kimeshika vizuri. Alikishona mwenyewe, lazima kishike. Akakikata. Akakata na cha pili.

Kwenye cha tatu akainua kichwa.

"Mheshimiwa, samahani. Hiyo theluthi ya kigeni nimeielewa, ndiyo imenifukuzisha. Hiyo nyingine inayobaki ni ya nini?"

"Kitambaa, uzi, umeme," afisa akasema. "Na mikono yenu. Kazi ya kushona inahesabiwa, na yenyewe ni ya hapa."

"Kumbe na sisi tumo?"

"Mmo." Akamgeuzia kikokotoo aone.

Mama Pacha akainama kusoma. Wifi akaja kusoma. Wakasoma tena, kwa ukaribu zaidi, kama watu wanaotafuta kitu kilichodondoka.

"Hii ni ya mmoja wetu?" wifi akauliza.

"Ya wote. Kwa koti zima."

"Na hii hapa juu yetu?"

"Hiyo ni zipu."

"Zipu inatuzidi?"

"Inawazidi. Mbali tu."

"Na haina hata watoto," wifi akasema.

Safari hii hata afisa alishindwa, akatabasamu upande mmoja. Halafu, kwa kuwa alikuwa mtu wa hesabu na hesabu haijui kunyamaza, akaongeza: "Shida ya koti lenu si kifungo peke yake. Sehemu ya mikono ni ndogo mno. Ingekuwa kubwa kidogo tu, koti lingekuwa la hapa hata na vifungo vinane."

Alisema hivyo kama mtu anayetaja saa. Kisha akarudi kukunja kitambaa chake. Ila cherehani zote zilikuwa zimenyamaza, na Bosi akaanza kupata kikohozi kile kile cha laini.

"Mheshimiwa amechoka," akasema. "Tumpe chai. Kateni, kateni."

Mama Pacha hakukata. "Bosi, nauliza tu. Ukitulipa kwa hii kazi ya kukata, si mikono yetu itakuwa imepanda?"

"Siwalipi."

"Najua. Nasema ukitulipa. Mikono ikipanda, koti linapita na kifungo chake. Sasa tutakuwa tunakata nini?"

Afisa, bila kuulizwa, alishaanza kubonyeza. "Ukiongeza hicho kidogo kwenye hesabu za ushonaji, na ukakilipa kweli," akasema, "linapita. Kifungo kinabaki."

"Nimesema siwalipi," Bosi akasema.

"Basi hatukati," Mama Pacha akasema, kwa upole, kama anayemwambia mtu kuwa chumvi imekwisha. Akaweka mkasi mezani.

Wifi akaweka wake. Kisha mikasi ikawekwa laini nzima, mmoja baada ya mwingine, bila kelele. Mwanamke mmoja akatoa kichana akaanza kumsuka jirani yake. Mwingine akavua viatu. Uani, dereva wa lori akapiga honi.

Bosi akavua koti lake la suti. "Mnadhani kukata kifungo kunahitaji chuo?"

Akauchukua mkasi wa Mama Pacha na kiti cha Mama Pacha, akapandisha mikono ya shati. Mama Pacha akamsogezea boksi, heshima ni kitu cha bure. Kifungo cha kwanza kilimgomea. Cha pili kiliruka, akakifuata chini ya meza kwa magoti.

"Usivute, Bosi," wifi akamshauri. "Unakata uzi, humkamati mtu."

"Mwacheni," mwingine akasema. "Maboksi bado mengi, atazoea."

Kwenye koti la nne mkasi uliteleza, na sauti ya bitana kupasuka ikasikika mpaka mlangoni. Bosi akaliinua koti kwenye mwanga. Kupitia tundu alimwona afisa, na afisa akamwona yeye.

"Hilo sasa," afisa akasema, "kwangu halina kosa. Ila mnunuzi hatalipenda."

Honi ikapigwa tena, ndefu.

Bosi aliangalia maboksi, ukuta mzima wa maboksi, kisha akaangalia laini. Hakuna aliyekuwa amekasirika. Hilo ndilo lililomchosha zaidi. Akaweka mkasi chini.

"Haya," akasema. "Mnataka nini?"

Wote wakamtazama Mama Pacha. Yeye akavuta kiti cha wifi yake, akakaa, magoti yake yakikaribia kugusana na ya Bosi ng'ambo ya lile koti lililotoboka.

"Kwanza, kesho nije," akasema.

"Uje."

"Na hiyo hesabu ya mikono."

Bosi akaanza kusema kuwa hilo ni jambo refu.

"Wifi," Mama Pacha akaita bila kugeuka, "hebu kamwambie dereva azime injini."