Chumba cha Baridi cha Sista Hildegardi

Jumanne ya pili ya Julai, mwaka 1997, Bwana Othmar alizima mashine ya utrasaundi, na Sista Hildegardi akamfuta jeli tumboni mama mjamzito wa kutoka kijiji cha Ruanda, akamsaidia kushuka kitandani. Picha ilikuwa imechukua nusu saa. Mama yule alishukuru, akatoka, akakaa kwenye benchi la nje ya zahanati kusubiri lori, na kwa kuwa mji wa Mbinga msimu wa kahawa una mikono mingi, kiroba chake akakipakata na kukikumbatia. Kahawa iliyokuwamo ilioshwa juzi yake na bado ilichuruzika maji. Lori lilipofika saa nane mchana, kahawa ilikuwa imekauka. Mama akang'ata punje moja, ikalia kak, naye akaliacha lori akaenda kwa mnunuzi.

Hakuna aliyeshangaa. Julai katika milima ya Wamatengo ni mwezi wa ukungu. Jua huchungulia saa sita, huona baridi, hurudi lilikotoka. Kahawa hukaa vichanjani wiki mbili ikinuka uvundo, na wanunuzi binafsi walioruhusiwa miaka hiyo hawakuwa na subira ya Chama cha Ushirika: waling'ata punje, ikibonyea wakakurudishia kiroba chako. Kwa hiyo watu waliposikia kwamba mwanamke aliyetoka kupigwa picha anakausha kahawa, waliuliza jambo moja tu, kwamba joto hilo linakaa siku ngapi. Lilikuwa linakaa siku tatu.

Sista Hildegardi angeweza kuwaeleza zaidi, ila hawakumuuliza. Usista wake ulikuwa wa wodini, si wa utawa: alikuwa mkunga wa serikali kwa miaka kumi na tisa, mpaka alipopunguzwa kazini pamoja na wenzake, akapewa barua na kushikwa mkono. Kabla ya barua aliwahi kupelekwa Dar es Salaam kwenye kozi ya wiki sita. Huko mwalimu aliwafundisha kwamba ile mashine hutoa sauti, ingawa haisikiki. Kwamba sauti ikiingia mwilini huacha joto. Kwamba mama ana damu nyingi ya kulipoza, lakini mtoto aliyejikunja tumboni hana pa kulihamishia. Basi nguvu iwe ndogo kadiri inavyowezekana, dakika ziwe chache kadiri inavyowezekana, na pasipo sababu ya kitabibu kichwa cha mashine kisiguse tumbo la mtu. Hildegardi aliyaandika hayo kwenye daftari, akapata cheti, na cheti hicho ndicho kilichotundikwa ukutani kwa Bwana Othmar.

Bwana Othmar mwenyewe hakuwa na cheti. Alikuwa karani wa mizani katika ushirika, mtu wa utani, mnene kiasi, asiye na kinyongo na mtu. Ushirika ulipoyumba akafungua zahanati kama wengine walivyofungua mabucha. Mashine aliinunua ikiwa imechakaa, ikavuka ziwa kutoka Malawi hadi Mbamba Bay, ikapanda milima juu ya shehena ya usipa, vile vidagaa vya ziwani, na siku za mvua ilinukia usipa. Ilikuwa na vifundo viwili vya kuzungusha. Kimoja kiliongeza nguvu ya sauti iliyoingia tumboni. Cha pili kiliongeza usikivu wa mashine kwa sauti iliyorudi. Siku ya kwanza mume wa mteja alitazama kioo akalalamika kwamba haoni mtoto, anaona ukungu wa Litembo saa kumi na mbili asubuhi. Othmar akaingiwa na haya. Akazungusha kifundo cha kwanza hadi mwisho, mtoto akaonekana, naye akakibandika papo hapo kwa gundi ya viatu ili asije akasahau.

"Ungezungusha hiki kingine, Bwana Othmar," Hildegardi alimwambia. "Picha ingekuwa ile ile."

"Sista, mteja amefurahi. Tumwache afurahi."

Kufikia mwisho wa mwezi foleni ilizunguka zahanati mara mbili. Walikuja wa mimba ya miezi minne na wa miezi minane, waliokwisha kupigwa picha mara tano na waliokuja kwa mara ya kwanza. Wakirudi nyumbani waliketishwa katikati ya ua, viroba vikapangwa kuwazunguka, na mama wakwe wakawa wanageuza kahawa huku wakiwauliza wakwe zao kama wamekula. Waume waliteka maji bila kuambiwa. Kanisani, misa ya kwanza ambayo zamani watu waliikwepa kwa baridi ilijaa pomoni, na katekista aliwaomba wajawazito waketi mmoja kwa kila benchi ili neema ienee. Ulikuwa msimu mzuri, hilo lazima lisemwe. Hata Hildegardi alilisema.

Angeweza kuendelea kulisema, kama si Lusia. Lusia alikuwa binti yake wa pekee, ameolewa Litembo na kijana mpole aitwaye Hyasinti, na baada ya miaka minne ya kusubiri, ya sala za novena na ya maneno ya majirani, alikuwa na mimba ya miezi sita. Hildegardi aliitaka mimba ile ifike salama kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote duniani. Lakini Lusia aliishi kwa mama mkwe wake, Kunigunda, mwenye shamba kubwa la kahawa na sauti ya kuvuka vilima vitatu, na binti akishaolewa mama yake mzazi hubaki na ruhusa ya kushauri tu.

Kunigunda alimleta Lusia siku ambayo Bwana Othmar alikuwa amekwenda kutafuta dizeli ya jenereta.

"Mkwe, tumekuletea mwanao," alisema. "Mtie moto wa kutosha. Kahawa yetu si haba."

Hildegardi alimlaza Lusia, akagusisha kichwa cha mashine, akapima kichwa cha mtoto na mfupa wa paja, akagandisha picha, akanyanyua mkono. Dakika mbili. Picha ilibaki kwenye kioo bila kitu chochote kugusa tumbo, na kwa hiyo wangeweza kuitazama mpaka jioni. Mtoto alikuwa wa kike, mzima, amekaa vizuri. Hildegardi alijikuta anatabasamu peke yake.

Kunigunda aliweka kiganja juu ya tumbo la Lusia. "Huyu bado wa baridi."

"Ndivyo anavyotakiwa kuwa, mkwe. Mtoto hana tatizo."

"Mtoto tunajua yumo. Na kahawa je?"

Wakakaa kwenye benchi kumsubiri Bwana Othmar. Hildegardi alimwita Lusia nyuma ya jengo, karibu na pipa la maji.

"Mwanangu, ule moto hauishii kwenye ngozi yako. Huyo mdogo ndiye aliyekaa katikati yake."

"Mama, anacheza vizuri. Jana kacheza mpaka nikacheka."

"Nimesomea haya, Lusia."

"Najua, mama." Lusia alitazama chini. "Tangu niolewe sijawahi kukaa kwenye kiti mchana. Kulima, kuchuma, kubeba kuni, kuchota maji, na mimba hii hii. Wenye joto wanakaa, wanaletewa uji. Mama mkwe ananiita mwanangu."

Hayo yalikuwa kweli. Bwana Othmar alirudi na dizeli yake, akampiga Lusia picha nusu saa, na Lusia akaondoka na joto lake. Hildegardi alisimama kwenye kizingiti mpaka lori likapinda kona, roho ikimuuma.

Jioni ile, wateja walipokwisha, alichukua wembe akakwangua gundi. Alirudisha kifundo cha kwanza nyuma hadi robo, akazungusha cha pili mbele, akajipima kwenye figo lake mwenyewe. Picha ilikuwa safi kuliko zamani. Kwa siku tatu Bwana Othmar alifanya kazi bila kugundua lolote, akiwaonyesha waume pua na vidole, na waume wakivisifu. Siku ya nne wakaja mama wakwe kumi na wawili na viroba vilivyoota ukungu.

Bwana Othmar hakugomba. Alikagua kifundo, akacheka hadi akashika mbavu, akasema Sista ana mkono wa fundi saa. Wiki iliyofuata akaleta mashine ya pili, kuukuu kuliko ya kwanza, isiyo na vifundo kabisa, na akaiweka chumba cha ng'ambo ya korido. Mashine ya zamani akamwachia Hildegardi aiongoze apendavyo. Juu ya mlango mmoja aliandika kwa chaki MOTO, juu ya mwingine BARIDI, akamwita Hildegardi wanywe pamoja chai ya tangawizi, na kwa kuwa mtu akifanyiwa wema hawezi kununa, Hildegardi akanywa.

Chumba cha baridi kilipata wateja wake. Walikuwa wanawake wa mwambao, wanaopanda kutoka Mbamba Bay na Liuli, ambao kwao jua halina ukungu na hukausha usipa mchangani bila kusaidiwa. Walilala dakika mbili, wakaambiwa mtoto amekaaje, wakateremka ziwani. Wenyeji wa milimani walipita mlangoni pake, wakamsalimia kwa heshima zote, wakaingia ng'ambo.

Mwishoni mwa Agosti alikuja mkaguzi wa zahanati binafsi, Bwana Pankras, mtu mwembamba aliyesafiri tangu alfajiri nyuma ya pikapu na koti lake limelowa umande. Hildegardi alimpa daftari la kozi, akamweleza habari ya nguvu, ya dakika na ya vifundo visivyokuwapo, akamwomba aifunge ile mashine ya pili. Bwana Pankras alisikiliza yote akitetemeka. Kisha akaomba mahali pa kuandikia, akakaa kwenye benchi kati ya wajawazito wawili waliotoka chumba cha moto. Baada ya robo saa koti lilikuwa limekauka na vidole vyake vimekunjuka. Aliandika kwa mwandiko mzuri kwamba zahanati ni safi, ina wahudumu wenye vyeti, na ina joto la kutosha. Alipoondoka alimshika Hildegardi mkono kwa mikono miwili, na macho yake yalikuwa na shukrani za kweli.

Lusia alirudi akiwa na miezi minane kasoro. Kunigunda alikuwa nyuma yake na viroba viwili vya mwisho wa mavuno.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu kwangu kwanza. Dakika mbili tu."

Lusia akamtazama mama mkwe wake. Kunigunda hakuwa mtu mbaya. Akatua viroba akasema mtoto lazima asalimiwe na bibi yake mzaa mama, nenda, sisi tupo kwenye foleni.

Hildegardi alifunga mlango. Alipaka jeli baada ya kuipasha viganjani, akagusisha kichwa cha mashine, na mtoto akajitokeza kwenye kioo akiwa ameelekea upande wao, pua ya Hyasinti, paji la uso la Lusia. Alikuwa macho. Alimtazama bibi yake kwa muda, kama wanavyotazama watoto wanaomjua mtu. Hildegardi alifurahi hadi machozi yakamlenga, naye hakuyaficha. Akapima alichopaswa kupima, akagandisha picha, akanyanyua mkono.

"Kaa hapa, Lusia. Lala hata mchana kutwa. Kiti ninacho, na uji nitakupikia mimi."

"Nikitoka hapa na ubaridi, kesho nitarudi shambani, mama." Lusia alijifuta, akafunga khanga yake vizuri, akamshika mama yake bega. "Ni mara hii tu. Kahawa imekwisha."

Alivuka korido. Mlango wa ng'ambo ulifungwa, na mashine isiyo na vifundo ikaanza kuvuma.

Hildegardi alikuwa anapangusa kichwa cha mashine yake kwa kitambaa. Picha ilikuwa bado kwenye kioo, imegandishwa, saa na tarehe chini yake. Mtoto aliyekuwamo akakunja uso. Kisha akainua mkono mmoja taratibu, akafunika macho kwa kiganja, na wa pili akauweka sikioni.

Hildegardi akaweka kitambaa chini. Alisogea, akaweka kiganja chake juu ya kioo mahali ulipokuwa uso wa mtoto, kama unavyomkinga mtu na jua, na kioo kilikuwa cha moto. Alisimama hivyo nusu saa nzima, akibadilisha mikono. Kupitia ukuta alimsikia Kunigunda akimsifu Lusia, na alimsikia Lusia akicheka. Mvumo ulipokoma mtoto alishusha mikono, akageuza uso, akalala.

Ng'ambo, Bwana Othmar alifungua mlango akaita mwingine.