Sahani ya Fumie

Huyu Kuwabara, beki wa zamani wa timu ya pale Shimizu, ana mambo yake, yeye na magoti yake mabovu. Kila asubuhi anategesha simu juu ya friji, anajirusha laivu akila: wali, supu ya miso, kipande cha figili. Hasemi kitu. Anatafuna tu, na ule uso uliokuwa ukitisha mafowadi. Mwanzoni walimtazama wazee wenzake wanaoukumbuka mpira wake. Halafu, sijui ikawaje, watu wakafurika, hata wasiojua ofsaidi ni nini. Mwenyewe akadhani ni yale magoli yake ya kichwa.

Ng'ambo ya meza anaweka chakula cha mkewe, Fumie. Enzi za mechi za mbali, Fumie alikuwa akimwekea yeye hivyo hivyo: sahani ya aliye safarini. Supu unaifunika. Ukifunua ukakuta matone kwenye kifuniko, msafiri wako mzima. Fumie alipofariki majira ya baridi, Kuwabara akaona basi, zamu yangu. Majivu yake bado yako kabatini, hajayapeleka kaburini. Na kila akifunua, matone. Roho inatulia, anakula.

Siku moja akaja Sugimori, kipa wao wa zamani.

"Kapteni, unasoma wanayokuandikia?"

"Nisome kwa macho gani?"

"Basi wewe hutazamwi, mzee. Kwa uso huo? Wanamtazama shemeji."

"Umeshalewa asubuhi hii, mikono ya sabuni?"

Sugimori hakucheka. Akasoma kwenye simu: "Mama leo kavaa koti. Mama mbona hali chakula? Mkoba kaupakata, anautazama mlango tu."

Kuwabara akatazama ng'ambo. Mto mtupu wa kukalia. Akachungulia simu. Mto mtupu.

"Wewe unamwona?"

 Sugimori alikunja miguu yake tu, kama mtu anayempisha mwenzake.

"Sahani hii ya walio hai, kapteni," akasema polepole. "Unamwambia yuko safarini. Sasa atajuaje kama amekufa?"

"Akienda, nitabaki na nani?"

"Na mimi je? Mabao nilifungwa, lakini nipo."

Kuwabara hakulala vizuri. Kulipokucha akategesha simu, akaifunika supu ya Fumie kama kawaida, akapakua wali wake ukawa kilima, akachomeka vijiti vya kulia wima katikati, vile wanavyowekewa wafu tu. 

Sugimori, aliyerudi alfajiri, akawa anasoma kwenye simu yake. "Amesimama... Anafunga vifungo vya koti."

Kuwabara akainama kuelekea ule mto.

"Siyo huko, kapteni. Wanasema kushoto. Kushoto zaidi, yuko mlangoni."

Akageuka, magoti yakilia, paji la uso likagusa mkeka. Nyumba ile, anayetoka huambiwa nenda, urudi. Maisha yao yote walikuwa wakiambiana hivyo.

"Nenda," akasema. Hilo la pili likamjaa mdomoni, akalimeza.

Mlango haukufunguka. Ila baridi ilipita chini ya shingo yake, ikatoka. Akauliza bila kuinua kichwa:

"Wanaandika nini?"

"Hawaandiki. Mmoja tu amesema na yeye kainama."

Kuwabara akajivuta mezani, akafunua supu ya Fumie. Mvuke ulimpiga usoni, supu bado ya moto. Akakigeuza kifuniko, akapitisha kidole ndani.

Kikavu.